Mchezo wa video unaotuhusu sisi watu wa mashimo

Ukimwuliza kijana wa Kasongo ao wa Salamabila ni mchezo gani wa video anaujua, atakutajia ule wa mpira, na pengine ule wa kupigana. Mpira hauna ubaya. Lakini kuko mchezo mmoja ambao watu wachache wanaujua, na ndani yake tuko sisi: shimo, koltani na jasho. Unaitwa Phone Story, ni kusema habari ya simu.

Aliyeutengeneza ni Paolo Pedercini, Mwitaliano anayefanya kazi Marekani kwa jina la Molleindustria. Ulitoka Septemba 2011. Ni mchezo mfupi wa hatua nne, na anayesimulia ni simu yenyewe. Hatua ya kwanza iko Kongo. Watoto wanachimba koltani, na wewe mchezaji unaongoza askari wenye bunduki kusudi wamkemee mtoto anayepumzika. Ukimwacha apumzike, unashindwa. Hatua ya pili iko China: wafanyakazi wanajitupa kutoka juu ya kiwanda, wewe unawadaka. Ya tatu, wanunuzi wanakimbilia duka na wewe unawarushia simu mpya. Ya nne iko Pakistani, pale simu zilizotupwa zinavunjwavunjwa kwa mikono.

Basi, sababu gani uheshimiwe? Kwa kuwa haumwachi mtu akae pembeni. Ripoti ya kurasa mia inamwambia Mzungu kwamba Kongo kuko shida, anasikitika, anaifunga. Mchezo huu unatumia kidole chake mwenyewe. Simu anayoishika mkononi ina tantali, ile inayotoka katika koltani, na kidole kile kile ndicho kinamfukuza mtoto arudi kazini. Kwa dakika chache anaelewa kwamba yeye pia yuko ndani ya biashara.

Apple waliuondoa katika duka lao siku ile ile ulipotangazwa. Kati ya sababu walizotoa ni kwamba unaonyesha watoto wakiteswa, na kwamba una mambo ya kuchukiza. Kwenye simu za Android ulibaki, lakini kelele zilipokwisha, wengi waliusahau.

Sasa niseme na upungufu wake, maana kuheshimu kazi ya mtu si kufumba macho. Septemba 2010 Rais Joseph Kabila alisimamisha uchimbaji wa mikono katika Maniema na Kivu zote mbili. Marufuku hiyo iliondolewa Machi 2011. Katikati ya mwaka ule wa 2010, Marekani nayo ilipitisha sheria juu ya madini ya kwetu, na wanunuzi wengi wa nje wakaanza kukimbia. Phone Story ulitoka miezi sita tu kisha marufuku kuondolewa. Lakini ndani yake hakuna baba aliyekosa minerval ya watoto kwa sababu shimo limefungwa. Hakuna negosian na mizani yake. Hakuna koperative, hakuna sendika. Mkongomani ana kazi moja tu: kukemewa.

Watoto kwenye mashimo wako, tusidanganyane, na hao wanapaswa kuwa shuleni. Lakini mchimbaji si mtu wa kuhurumiwa tu. Anajua kusoma udongo, anajua bei inaibiwa wapi, na akiungana na wenzake anaweza kusema hapana. Katika mchezo ule hakuna mahali pa kugusa ili wachimbaji wakae chini wapange bei yao pamoja.

Mahali hapo patawekwa na nani, kama si sisi? Msiseme michezo ya video ni mambo ya Wazungu na Wajapani. Kule Kameruni, kampuni Kiro'o Games ya Yaoundé, chini ya Olivier Madiba, ilitoa mwaka 2016 mchezo Aurion, wenye mashujaa na hadithi zilizojengwa juu ya mila za Afrika. Sehemu ya fedha waliichanga kwa watu wa kawaida kupitia intaneti. Nao ni mchezo unaostahili kujulikana zaidi.

Kwa hiyo, walimu wa informatike na vijana wa Kasongo na Kabambare, utafuteni Phone Story, muucheze, mbishane. Kisha mwanze wa kwenu. Mashine si ya lazima siku ya kwanza, kalamu na karatasi vinatosha. Andikeni: nani yuko ndani ya shimo, nani anashika mizani, nani anasema bei, na mchimbaji ana njia gani ya kukataa. Mkikosa jibu la swali hilo la mwisho, msiliruke. Nendeni mkawaulize wanaochimba.