Nyumba kongwe za Mwanza na mstari wa 1886

Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964, pamoja na marekebisho yake ya 1979, inalinda moja kwa moja jengo lolote lililojengwa kabla ya 1886. Kigezo hicho kinaifaa miji ya kale ya pwani kama Kilwa na Bagamoyo, lakini kinaiacha Mwanza nje. Wajerumani walianzisha kituo chao hapa 1892, na mji ukakua kukizunguka. Hivyo hata nyumba ya mjini iliyopita miaka 100 haina kinga itokanayo na umri wake.

Mgeni anayelijua ziwa kwa jina la Malkia Victoria huenda akatarajia kukuta nyumba za mtindo wa enzi zake. Tarehe hazikubali. Malkia alifariki Januari 1901, na Waingereza waliichukua Mwanza Julai 1916. Nyumba kongwe za hapa zina asili nyingine. Juu ya Kilima cha Robert Koch, katikati ya jiji, ipo nyumba ya Kijerumani yenye jina la Theodor Gunzert, aliyekuwa mkuu wa wilaya kabla ya Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Kilima kimepewa jina la daktari aliyefika Mwanza 1906 kuchunguza ugonjwa wa malale. Baadaye reli kutoka Tabora ikaingia 1928, na enzi ya Waingereza ikaacha makazi yake pia. Maduka ya wafanyabiashara wa Kihindi, yenye makazi nyuma au ghorofani, nayo ni sehemu ya urithi huu.

Thamani ya nyumba za namna hii inasomeka kwanza ukutani. Ukuta mnene wa mawe huchelewa kupata joto mchana. Veranda pana haiachi jua liupige, na mvua ya upepo haifiki dirishani. Dari likiwa juu, hewa ya moto hupanda na kumwacha aliyekaa chini akiwa na nafuu. Haya yote yalifanya kazi bila umeme, na mjenzi wa leo mwenye kiwanja kando ya ziwa bado anaweza kujifunza kwayo.

Mara nyingi nyumba hizo huharibiwa na ukarabati uliokusudiwa kuziokoa. Kuta za zamani zilizojengwa kwa chokaa au udongo hupitisha unyevu: maji yanayopanda kutoka kwenye msingi hukaukia usoni mwa ukuta. Fundi akipiga plasta ya saruji, njia hiyo huziba. Chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, rangi hufura, kisha kipande kizima hubanduka kikiwa kimeng'ang'ania unga wa ukuta wenyewe. Dawa yake ni kurudia chokaa, tena kwa fundi anayejua kuisubiri ikauke polepole.

Wapo wanaouliza kwa nini tutunze nyumba za watawala waliotunyanyasa. Swali ni la haki. Serikali ya Kijerumani ilianza kutoza kodi ya nyumba 1898, na asiyekuwa na fedha aliweza kudaiwa nguvu zake. Ndiyo maana nionavyo mimi, historia ya jengo la enzi hiyo haikamiliki kwa jina la ofisa aliyelala ndani. Lazima iulize pia ni nani walibeba mawe na kwa malipo gani. Tukilibomoa, tunapoteza mahali pa kuwaonyesha watoto wetu jambo hilo.

Sheria yenyewe imeacha mlango wazi. Waziri mwenye dhamana ya mambo ya kale anaweza kulitangaza jengo la baada ya 1886 kuwa kumbukumbu ya taifa kupitia Gazeti la Serikali. Milango na miimo ya mbao iliyochongwa kwa nakshi za Kiafrika au za Mashariki kabla ya 1940 tayari inalindwa, hata kama nyumba yenyewe hailindwi.

Kazi ya kwanza basi ni orodha. Halmashauri, wenye nyumba na vyuo wapige picha, wachukue vipimo na wawahoji wazee, mtaa kwa mtaa, kabla ya kibali chochote cha kubomoa kutolewa. Waziri hawezi kutangaza jengo ambalo hakuna aliyemwandikia kwamba lipo.