Antena ndogo, bahari kubwa: metamateriali zinasaidiaje?

Baharini nje ya Moa, kule wilaya ya Mkinga, mpaka wa Tanzania na Kenya hauna ukuta wala bango. Nahodha akitaka kujua yuko upande gani, anaangalia GPS. Sasa jiulize: kifaa chake kinazisikiaje setilaiti zilizo kilomita 20,200 hivi juu yake?

Ndani ya vifaa vingi vya aina hiyo kuna antena ya maikrostripu: kibati cha metali juu, bamba la metali chini, na katikati kitu kisichopitisha umeme. GPS hutumia masafa ya megahezi 1575.42, yaani wimbi lenye urefu wa sentimita 19. Kibati kinatakiwa kiwe karibu nusu ya hapo. Kikubwa mno, si ndiyo? Basi katikati huwekwa seramiki. Wimbi likiwa humo linafupika, na kibati kinatosha sentimita 2 na kitu.

Lakini hakuna cha bure. Ukanda wa masafa unakuwa mwembamba, halafu sehemu ya nishati inatambaa hadi ukingoni mwa bamba na kumwagika chini. Na antena inayomwaga chini inasikia pia kutoka chini. Huko kuna bahari, inayorudisha mawimbi kama kioo. Wimbi lililogonga maji linafika limechelewa, na kifaa kinakosea kwa mita kadhaa. Mita hizo hazimvushi mtu mpaka, ila usiku zinatosha kumkosesha mlango wa kupita kwenye mwamba.

Hapa ndipo metamateriali zinapoingia. Si kemikali mpya: ni shaba ileile, iliyokatwa maumbo madogo kuliko wimbi, yanayojirudia, ili umbo ndilo liamue tabia. Mwaka 1999 Dan Sievenpiper na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, walieleza uso wa vibati vidogo, kila kimoja kimesimama juu ya pini kama uyoga. Mapengo kati ya vibati yanatunza chaji, pini zinapitisha mkondo. Kwa pamoja, kwenye masafa fulani, zinalizuia wimbi linalotambaa. Ukiizungushia antena uyoga huo, kinachomwagika chini kinapungua.

Je, ni muujiza? Hapana. Uyoga unakula nafasi, na unafanya kazi kwenye masafa uliyoupimia tu. Kwa hiyo ukikutana na antena inayosifiwa kwa metamateriali, uliza: ni kwa masafa gani, na imeongezeka ukubwa kiasi gani?