Waya wa intaneti ukilala nje: jua, maji na radi

Ruta iko sebuleni nyumba kubwa, wewe umepanga chumba cha uani, na Wi-Fi ikishavuka kuta mbili inakufikia ikiwa hoi. Basi unamwita fundi, anapitisha waya wa mtandao ukutani kwa nje, anaupigilia klipu, unalipa, spidi inapaa. Swali ni je, utadumu? Waya uliotengenezwa kwa ajili ya ofisini haukuandaliwa kwa maisha ya nje.

Tuanze na jua. Ganda la waya wa ndani kwa kawaida ni plastiki ya PVC iliyolainishwa kwa kemikali ili ipindike. Mionzi ya urujuanimno ina nishati ya kutosha kukata vifungo vya molekuli zake: klorini inachomoka ikiwa imeungana na haidrojeni, na vilainishi navyo vinapotea taratibu. Ganda linapauka, linakakamaa, kisha linapasuka, hasa kwenye kona. Waya wa nje huvikwa polithini iliyochanganywa na masizi, kiasi cha asilimia 2 hivi. Masizi hunyonya mionzi na kuigeuza joto kabla haijapenya ndani. Ila usidanganyike na weusi pekee, maana kuna PVC iliyotiwa rangi nyeusi tu. Soma maandishi kwenye ganda, utafute herufi PE. Ukikuta CCA, ujue ndani ni alumini iliyovikwa shaba, na alumini hiyo ikipata unyevu huliwa haraka. Uache dukani.

Ganda likishapasuka, mvua inaingia, na hapa ndipo mambo yanaponoga. Wengi hudhani data inapita ndani ya shaba kama maji bombani. Kumbe nishati ya ishara husafiri katika uga wa umeme na sumaku ulio kati ya nyaya mbili zilizosokotana, yaani kwenye plastiki na hewa inayozitenganisha. Plastiki hiyo hupunguza nguvu ya uga wa umeme mara 2 na kidogo. Maji huipunguza mara 80 hivi. Kwa hiyo kipande kilicholowa ni kama barabara nyingine kabisa. Ishara inapunguza mwendo, sehemu yake inarudi ilikotoka kama mwangwi, na nyingine inaishia kuwa joto. Jozi ziko 4, na spidi ya megabiti 1000 kwa sekunde inazihitaji zote. Jozi moja ikigoma, vifaa vingi hushuka hadi 100, ambayo hutumia jozi 2 tu. Mtu anailaumu kampuni ya intaneti, kumbe ugonjwa uko ukutani kwake.

Maji pia hushuka ndani ya ganda kama kwenye mrija, kwa hiyo ufa wa karibu na paa unaweza kudondosha matone kwenye ruta. Tundu la ukutani litobolewe likiinamia nje, na waya uning'inie kidogo chini yake kabla ya kupanda kuingia, ili maji yadondokee pale.

Sasa radi. Si lazima ipige nyumba yako. Mkondo wake hufikia makumi ya maelfu ya ampea na hupanda ghafla mno, na badiliko hilo la uga wa sumaku huzalisha volti kwenye waya mrefu ulio jirani, kama ilivyo ndani ya transfoma. Tena kama majengo mawili yana erthi tofauti, radi ikiingia ardhini huyaacha kwa kitambo kwenye volti zisizolingana, na daraja kati yake ni waya wako wa shaba. Tundu la mtandao la kompyuta lina kinga ndogo, ambayo kwa kawaida hupimwa kwa volti 1500. Radi ya karibu haijali hilo, na wakazi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanazijua radi.

Kwa ukuta wa nyumba moja, waya wa PE unatosha. Kutoka jengo hadi jengo, chagua faiba, kwa sababu kioo hakipitishi umeme. Ila faiba nyingi za kuning'iniza zina uzi wa chuma wa kuzibeba. Huo uishie nje, usifuatane na faiba hadi kwenye ruta. Kila upande utahitaji kifaa cha kugeuza mwanga kuwa umeme, na kila kifaa kinataka soketi yake, kwa hiyo zungumza na mwenye nyumba kabla fundi hajafika.