Vitunguu na Liki katika Bustani ya Nyumbani

Vitunguu vyekundu vya Mang'ola, kule bondeni karibu na Ziwa Eyasi, vina sifa Arusha na hata ng'ambo ya mpaka, Kenya. Kwa sababu ya sifa hiyo watu wengi wa Karatu hudhani ya kuwa kitunguu ni kazi ya wenye mifereji tu, nao hununua sokoni kitu ambacho kingeota nyuma ya jiko lao. Sivyo, ila yampasa mtu kujua tofauti ya nchi hizi mbili.

Mang'ola ni nchi ya joto, kimo chake kama mita 1,000, na maji yake hutoka katika chemchemi zilizo chini ya milima ya Ngorongoro. Karatu iko juu zaidi, kama mita 1,500, na baridi ya Juni na Julai yajulikana. Kitunguu hupenda ukavu kinapokomaa. Basi mwenye bustani huku juu asie mbegu kitaluni mwezi wa Aprili, apande miche mwishoni mwa Mei au Juni, ili avune baada ya mvua kwisha kabisa. Mbegu iwe mpya, kwani mbegu ya kitunguu hufa upesi kuliko nyingine nyingi; iliyokaa zaidi ya mwaka haifai kutumainiwa.

Mche ukiwa mnene kama kalamu ya risasi, hamisha. Kati ya mche na mche acha upana wa kiganja, wala usizamishe sana, maana kitunguu hutaka kukaa juu ya udongo. Samadi iwe imeoza. Samadi mbichi huleta majani mengi na shingo nene, na kitunguu cha shingo nene hakiwekeki. Matuta yakingame mteremko, la sivyo mvua itauchukua ule udongo mwekundu mpaka makorongoni.

Liki ni mmea mwingine, nao wapenda baridi ya Karatu kuliko joto la Mang'ola. Haufanyi tunguu, kinacholiwa hasa ni shina jeupe. Toboa kwa kijiti shimo la kina cha shibiri moja hivi, tia mche, kisha mimina maji tu, usifukie. Kadiri unavyokua uupandishie udongo, kwa kuwa sehemu isiyoona jua ndiyo inayokuwa nyeupe na laini. Hauna haraka ya kuvunwa: mama hung'oa mmoja mmoja siku ya kupika.

Wenye mashamba bondeni wana hatari yao. Penye maji mengi yasiyo na njia ya kutoka, jua huyakausha na kuacha chumvi nyeupe juu ya ardhi, na kitunguu hakivumilii chumvi. Tena anayefurisha shamba lake humnyima maji jirani wa chini. Wazee wanaogawa zamu za mifereji wanalijua jambo hilo vizuri kuliko mwandishi.

Kwa wakazi wa ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro habari ni nyingine. Kilimo kilikatazwa humo mwaka 1975, kikaruhusiwa kidogo mwaka 1992, kisha kikakatazwa tena mwaka 2009. Mwalimu asiwaagize watoto wa huko kulima bustani kabla ya kuwauliza wenye mamlaka.

Majani ya vitunguu yakianza kulala, acha kumwagilia. Ng'oa, anika kivulini penye upepo mpaka shingo ikauke, ndipo ukate majani ukibakiza urefu wa vidole viwili. Vyenye jeraha vipikwe kwanza.

Anayeuza ziada apime kwa kilo. Lumbesa, yaani gunia lililoshonewa kilemba juu, imekatazwa na sheria ya vipimo, nayo humla mkulima: hulipwa gunia moja, na kile kilemba kimekwenda bure.