Kura Mbili Zilizokwamisha Marekani

Katika tafsiri tunapendelea "wajumbe wa uchaguzi" wa Marekani kuliko "chuo cha uchaguzi", kwani hapo hakuna anayesoma. Katiba ya awali ilimpa kila mjumbe kura mbili za urais. Mshindi wa pili alikuwa makamu. Hivyo mwaka 1796 John Adams alishinda, na mpinzani wake Thomas Jefferson akawa makamu wake! Mwaka 1800 mambo yaliharibika zaidi. Jefferson na mgombea mwenza wake, Aaron Burr, walifungana kwa kura 73 kila mmoja, na Burr hakujitoa. Baraza la Wawakilishi lilipiga kura mara 36 kabla ya kumchagua Jefferson tarehe 17 Februari 1801, zikiwa zimebaki siku 15 aapishwe. Marekebisho ya 12 ya katiba, yaliyoidhinishwa mwaka 1804, yalitenganisha kura ya rais na ya makamu.