Fahamu: Kwa nini udongo na maji ya Lubumbashi vipimwe kabla ya kujenga

Novemba 2025, maji machafu ya kiwanda cha madini yalifurika katika mitaa ya Lubumbashi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, na serikali ikasimamisha shughuli za kiwanda hicho. Tukio hilo linamhusu kila anayepanga kujenga mjini humo.

Udongo una nini?
Kiwanda kingine mjini humo, cha kuyeyusha shaba, kilianza kazi mwaka 1911. Kwa miongo mingi, upepo wa kusini-mashariki ulisukuma moshi wake kuelekea kaskazini-magharibi. Huko, katika mtaa wa Penga-Penga, watafiti wamekuta shaba, risasi, kadimiamu na aseniki ardhini. Watoto wako hatarini zaidi, kwani hucheza chini na kutia mikono mdomoni.

Sheria inasemaje?
Sheria ya Kongo namba 11/009 ya 9 Julai 2011 inataka mradi unaoweza kudhuru mazingira ufanyiwe tathmini kabla ya kuanza. Wakala wa Mazingira wa Kongo (ACE) ndio husimamia tathmini hizo.

Ufanye nini?
Peleka udongo na maji ya kisima maabara. Chimba choo mbali na kisima, upande wa bondeni. Usijenge kandokando ya mto wala kuziba mifereji. Maji ya mvua za Novemba hadi Machi yatadai njia yake. Otesha majani kuzuia vumbi, na bustani ya mboga iletewe udongo safi.

Gharama ya vipimo hulipwa mara moja. Sumu ikishaingia mwilini mwa mtoto, familia huilipia kwa miaka.