Mababu Walishinda Malaria, Bili Imeachiwa Sisi: Risto ya Jeni ya Selimundu

Kuna beshte yangu na mresh wake walikuwa wanapanga harusi. Ukumbi ulikuwa umelipiwa nusu, na grupu ya WhatsApp ya michango ilikuwa imeshaanza kusumbua watu. Halafu mathe wa huyo dem akauliza swali moja tu: "Mmepimwa damu ya selimundu?" Jamaa akajibu kwa kifua, "Mimi ni O positive, mathe." Watu wakacheka. Mathe hakucheka. Yeye alishazika mtoi wa dadake.

Wakaenda kupimwa. Majibu yakarudi: wote wawili ni AS.

Kama hujui hizo herufi mbili zinamaanisha nini, hii story ni yako.

Tuanze na jenomu. Karibu kila seli ya mwili wako imebeba maandishi marefu ajabu, herufi kama bilioni 3, na yote yameandikwa kwa herufi nne tu: A, T, C na G. Umepewa nakala mbili, moja ya buda na moja ya mathe. Wao pia walipewa na wazazi wao, na hivyo hivyo mpaka kwa watu ambao hakuna mtu anakumbuka majina yao. Huo ndio urithi hakuna mjomba anaweza kukunyang'anya kortini.

Sasa, ukinakili kitu kirefu hivyo kizazi baada ya kizazi, lazima kosa liingie mahali. Makosa mengi hayafanyi kitu. Lakini kuna moja liliingia kwenye kromosomu namba 11, kwa jeni inayosaidia kutengeneza hemoglobini, ile protini inabeba oksijeni kwa damu. A ikawa T. Herufi moja tu.

Ukirithi nakala safi mbili, wewe ni AA. Ukirithi moja safi na moja yenye kosa, wewe ni AS, na mara nyingi utaishi fiti bila kujua. Ukirithi zote mbili zenye kosa, wewe ni SS, na hapo ndio noma. Chembe nyekundu za damu zinakunjika kama mundu na kuziba mishipa midogo. Maumivu yake si mchezo, damu inaisha mwilini, na bila matibabu watoi wengi hawafiki hata miaka mitano.

Swali ni hili: kama hii jeni inaua watoi, mbona haikuisha kitambo?

Jibu lilianza kupatikana hapa hapa Kenya. Mwaka wa 1949, Anthony Allison, mwanafunzi wa Oxford aliyelelewa Kenya, alizunguka nchi akikusanya damu za watu wa jamii tofauti. Akaona kitu cha ajabu. Pwani na kando ya Ziwa Victoria, zaidi ya watu 20 kwa kila 100 walikuwa na hiyo jeni. Kwa jamii za milimani kwenye baridi, hata mtu 1 kwa 100 hakufika. Akajiuliza: ni nini kiko ziwani na Pwani na hakiko mlimani? Mbu. Mwaka wa 1954 akachapisha utafiti wake: watu wa AS wanalindwa dhidi ya malaria kali.

Kimelea cha malaria kinaishi ndani ya chembe nyekundu za damu, na ndani ya chembe za mtu wa AS maisha yake ni magumu. Kwa hivyo piga picha kijiji cha zamani kando ya ziwa. Watoi wa AA wengi wanabebwa na malaria. Wa SS wanabebwa na selimundu. Wa AS wana nafasi kubwa zaidi ya kubaki, wakue na kuzaa, na wao wanapitisha A na S mbele. Jeni ikakwama hapo, haiishi na haijai.

Hiyo ndiyo mageuzi, wasee. Hakuna mtu alikaa chini akapanga. Jenomu inabeba tu kumbukumbu ya nani alibaki hai, wapi, na kwa nini.

Shida ni kwamba jenomu haijui ulihama. Ulitoka ocha ukaja Nairobi, mahali malaria si tishio kubwa, lakini S ulibeba. Marekani malaria ilimalizwa mwaka wa 1951, na bado karibu mtoto 1 kwa kila 13 Weusi wanaozaliwa huko ana AS. Ulinzi hauna kazi tena, bili bado inakuja.

Bili yenyewe iko hivi. AS wawili wakizaa, kila mzazi anarusha shilingi: A ama S. Uwezekano wa zote mbili kuangukia S ni 1 kwa 4. Na shilingi inarushwa upya kila mimba. Ukizaa mtoi mmoja wa SS, haimaanishi watatu wanaofuata wako salama.

Kwa hivyo chanuka. Kujua wewe ni O ama B si kujua kama una S. Ukienda hosi, omba kipimo cha aina ya hemoglobini. Jina la ukoo wako si kipimo, Nairobi tumechanganyika kitambo. Ukipatikana na AS, wewe si mgonjwa, na pia hujapewa ruhusa ya kutupa neti: malaria bado inaweza kukupata. Na mtoi wa SS hajarogwa. Akijulikana mapema, kuna dawa na chanjo zinamsaidia kukua.

Beshte yangu na dem wake bado wako pamoja. Harusi ilisongeshwa mbele kidogo, wakaenda kubonga na daktari kwanza. Watakachoamua ni chao. Lakini wataamua wakijua, na hiyo ni nafasi dadake mathe hakuwahi kupata.

Wewe ushapimwa?